Kitabu cha pili kimetuangusha, na sisi ndio tunaoishi kitabu cha pili

Wandugu, niseme wazi tangu mwanzo: Children of Virtue and Vengeance kimeniangusha. Najua wengi humu mnakipenda. Najua kuna dada mmoja kati yetu aliyeweka jalada lake kuwa picha yake ya WhatsApp, na mpaka leo hajaitoa. Samahani, dada yangu. Kitabu nimekisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikitafuta kitu nilichokikosa mara ya kwanza. Sikukipata. Na naona jambo lenyewe linatuhusu sisi wakimbizi kuliko linavyowahusu wasomaji wengine, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwa ambao hawajui tunaongea nini: mwandishi ni Tomi Adeyemi, mzaliwa wa Marekani, wazazi wake Wanaijeria. Kitabu cha kwanza, Children of Blood and Bone, kilitoka Machi 2018, yeye akiwa na miaka 24 tu. Cha pili, ambacho ndicho ninagombana nacho leo, kilitoka Desemba 2019. Cha tatu kikafuata Juni 2024. Na filamu inatengenezwa na Paramount, muongozaji ni Gina Prince-Bythewood, na Thuso Mbedu wa Afrika Kusini ndiye anayecheza Zélie. Kwa hiyo mtake msitake, haya mazungumzo yatarudi, na watu watataka tuseme tunapenda kila kitu juu ni hadithi ya Waafrika. Nitasimulia mpaka mwisho. Asiyetaka kuharibiwa utamu asome kwanza, halafu arudi tugombane vizuri.

Sisi hapa Sonatubes tulivisoma watu sita, kwa nakala moja ya karatasi na simu mbili. Kila Jumamosi mchana, na Jumamosi ya umuganda tunachelewa kidogo. Kiingereza chetu hakilingani: mmoja anasoma, mwingine anatafsiri kwa Kiswahili, na kuna mwenzetu mmoja wa Bujumbura anayeuliza maswali yake yote kwa Kifaransa. Neno moja lilitusumbua toka mwanzo. Kitabu kinaongelea nguvu za watu wa zamani, zinazotoka kwa miungu ya Wayoruba. Kwa Kiswahili mtu wa haraka angesema "uchawi". Lakini kwetu Kongo neno hilo linaweza kumfukuzisha mtoto nyumbani. Tukakubaliana kusema "nguvu" tu, na hapa nitaendelea hivyo.

Sasa, kwa nini kitabu cha kwanza kilituingia moyoni? Zélie ni msichana wa miaka 17 katika nchi inayoitwa Orïsha. Alipokuwa mtoto mdogo, mfalme Saran aliamuru watu wenye nguvu wauawe wote usiku mmoja, na mama yake Zélie alikuwa mmoja wao. Walibaki watoto wenye nywele nyeupe, na familia zao zikawekewa kodi. Kodi ikipanda na huna cha kulipa, mtoto anachukuliwa kwa kazi za kulazimishwa. Baba yake Zélie, kaka yake Tzain na yeye mwenyewe wanahama milimani Ibadan, wanaenda kuishi Ilorin, kijiji cha wavuvi kinachoelea juu ya maji. Halafu askari wanakuja, Ilorin inachomwa moto.

Mtu aliyekimbia mara mbili. Nani kati yetu hamjui mtu aliyekimbia mara mbili? Wengine humu wazazi wao walitoka Burundi wakaenda Kongo, kisha wakatoka Kongo kuja hapa. Wengine walitoka kijijini Masisi wakalala Goma miaka miwili, wakidhani wamefika. Tulipofika kwenye ile sura ya Ilorin, aliyekuwa anatafsiri alinyamaza. Tukasubiri. Hakuna aliyemwambia aendelee.

Adeyemi ameandika mwishoni mwa kitabu kwamba alikiandika wakati polisi wa Marekani walikuwa wanawaua watu weusi, na yeye alikuwa na hofu na hasira na machozi. Unaiona hiyo hasira, na unaiamini. Halafu juu ya hasira hiyo akaweka mapenzi, na mapenzi yenyewe akayaweka pale panapouma zaidi: Zélie anampenda Inan, mtoto wa mfalme aliyemuua mama yake. Inan ndiye aliyekuwa anamfukuza. Inan ndiye anayegundua kwamba na yeye ana hizo nguvu anazofundishwa kuzichukia. Mwisho wa kitabu anamsaliti Zélie akidhani anamwokoa, na baba yake Zélie anakufa. Amari, dada yake Inan, anamuua baba yake mwenyewe, yule mfalme. Nguvu zinarudi nchini.

Pale tulifunga kitabu tukiwa na swali moja. Hatukuwa tunajiuliza nani atashinda. Tulijiuliza: hawa watoto wataishije sasa? Zélie atamtazamaje Inan usoni? Amari atalalaje usiku? Mfalme mbaya amekufa, haya, kesho asubuhi inakuwaje?

Kitabu cha pili ndicho kilikuwa na kazi ya kujibu, na kimekwepa.

Kinakwepaje? Kwanza, kinaanzisha vita upya na kuongeza silaha. Zile nguvu zilizorudi hazikuwarudia watu wa Zélie peke yao, ziliingia pia kwa watu wa jumba la mfalme, na huku zikiwa kali zaidi. Wazo hili lenyewe ni zuri, nakubali. Unapigania haki, halafu aliyekuonea anapata haki hiyo hiyo mara mbili. Lakini wazo halilimwi. Linatumika kama petroli tu. Malkia Nehanda, mama yao Inan na Amari, ana nguvu kubwa. Basi na sisi tutafute nguvu kubwa zaidi. Basi na yeye aongeze. Basi na sisi tuongeze. Sura baada ya sura majengo yanaanguka. Na watu wa kawaida? Waliochomewa nyumba Ilorin wanalala wapi? Nani anawapikia? Mtoto mwenye nywele nyeupe aliyerudi kutoka kwenye kazi za kulazimishwa, nani alimpokea mlangoni? Kitabu kinakaa na wafalme na makamanda. Sisi tuliosoma tukimtafuta jirani yetu mle ndani hatukumwona.

Pili, kila mlango wa amani unafungwa kwa sababu watu hawakuongea. Inan ni hai, amekuwa mfalme, na mara kadhaa anataka amani. Amari naye anaitaka amani, ila akiwa yeye kwenye kiti. Zélie amechoka mpaka anatamani kuondoka na kuiacha nchi yenyewe. Kila wanapokaribiana, kuna ujumbe haukufika, au mtu kaona kitu akaelewa kingine, au mama kaingia katikati, na moto unawaka tena. Mara ya kwanza nilikubali. Mara ya pili nikaguna. Mara ya tatu mwenzetu mmoja akafunga simu akasema, "Hawa wangekaa chini na chai dakika kumi, kitabu kingeisha."

Tatu, mapenzi. Hapa ndipo nilipoumia. Zélie ameapa kumuua Inan. Ana haki ya kuwa na hasira hiyo. Halafu anampata, hamuui. Anamchukia, anamtamani, anamchukia tena. Wanaonana ndotoni, mahali pao wawili tu, ambapo hakuna askari wala mama wala ufalme. Mwandishi amejitengenezea chumba kizuri kabisa cha mazungumzo! Na mle ndani, yale maneno ambayo lazima yasemwe kati ya mtu na mtu aliyesababisha msiba wake hayasemwi mpaka mwisho. Badala yake analetwa Roën, kijana wa kukodiwa vitani, mzuri wa sura na mwepesi wa maneno, ili tupate wa kumlinganisha. Basi swali kubwa la kitabu cha kwanza, "naweza kumpenda mtu ambaye upande wake uliniulia mama?", linashuka na kuwa "nimchague yupi?". Hilo la pili tunaliona kila siku kwenye tamthilia. Hatukuhitaji kusoma mamia ya kurasa kwa Kiingereza cha kutafsiriana.

Nisiwe mchoyo. Kuna mambo mawili yamenibaki, na ni mazuri. Uchovu wa Zélie ni wa kweli. Ule wakati anapoona kwamba ushindi alioulipia kwa damu ya baba yake haukumpa hata usingizi, nimeujua. Na Amari, msichana mpole wa kitabu cha kwanza, anaanza kuongozwa na sauti ya baba yake aliyemuua mwenyewe. Anafikiri anafanya tofauti naye, kumbe anatembea kwenye nyayo zake. Hicho kingetosha kuwa kitabu kizima. Ila kila jambo la namna hiyo linapoanza kukomaa, unasikia mlipuko, na tunakimbia tena.

Yule mwenzetu wa Bujumbura alinipinga, na hoja yake si ndogo. Alisema, "Lakini vita ndivyo vilivyo. Vinarudi. Watu hawaelewani. Ujumbe haufiki. Wewe unataka mwandishi atudanganye?" Nikalala na hilo neno siku mbili. Jibu langu ni hili. Ndiyo, kwetu vita vinarudi, lakini havirudi kwa sababu ya bahati mbaya. Kuna anayekula kutokana navyo. Kuna anayeogopa atakosa shamba. Kuna aliyemuua jirani na anajua amani ikija ataulizwa. Ukimuuliza mama yangu kwa nini mapatano ya amani ya kwetu yalivunjika, hatakwambia "hawakuelewana". Atakutajia nani alikuwa na faida gani. Mwandishi anayetuonyesha hilo hatudanganyi. Anayetuambia kila mara ni kosa la kutoelewana tu, huyo ndiye anayetudanganya, japo kwa nia njema.

Sio Adeyemi peke yake, jamani. Ni ugonjwa wa vitabu vya aina hii: cha kwanza kikiuza sana, cha pili kinatakiwa haraka, na kwa kishindo zaidi. Rebecca Yarros alitoa Fourth Wing Mei 2023, na Iron Flame ikafuata Novemba mwaka huo huo, miezi sita tu. Wapenzi wawili wale wale, ugomvi ule ule wa siri, mara hii kwa kurasa nyingi zaidi. Adeyemi yeye alichukua muda, kitabu chake kilicheleweshwa, kwa hiyo siwezi kusema ni haraka iliyomponza. Nadhani ni kitu kingine. Nadhani kukimbia ni rahisi kuandika kuliko kukaa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Sisi wote humu tuna kitabu cha kwanza. Tunakijua kwa moyo: usiku ule, milio, nani alibeba nini, mto, mpaka, askari wa mpakani, hema. Kitabu hicho kina mwendo, kina hofu, kina mwisho: tulifika. Lakini mimi nina miaka tisa tangu nifike. Ile safari yetu ilikuwa siku kumi na moja. Piga hesabu mwenyewe. Maisha yangu karibu yote ya ukubwani ni kitabu cha pili. Na kwenye kitabu cha pili hakuna anayenifukuza. Kuna baba yangu, aliyekuwa mwalimu anayeheshimiwa kule, hapa anashinda nyumbani akisikiliza redio, na mdogo wangu wa miaka 19 ndiye analeta pesa ya kodi ya nyumba. Nani sasa ni mkubwa mle ndani? Nani anamwambia nani afunge mlango saa ngapi? Hakuna upanga wala joka katika hilo, lakini niamini, kuna jioni ambapo chumba chetu kinakuwa kizito kuliko jumba la Nehanda.

Na mapenzi ya kitabu cha pili, nani anayaandika? Rafiki yangu mmoja alitaka kuoa. Wajomba wa msichana wako Nakivale, Uganda. Shangazi yuko Mahama. Baba hajulikani alipo tangu siku ile. Mahari apeleke kwa nani? Nani atakaa kwenye kiti cha baba siku ya kuposa? Walikaa miezi wakitafuta mzee wa kusimama, na mzee waliyempata alikuwa jirani tu, mtu wa kabila lingine, aliyevaa koti la kuazima na akalia kuliko wote. Hiyo ni hadithi ya mapenzi. Ina vikwazo, ina safari, ina hata mfalme wa uongo!

Kuna iliyo ngumu kuliko hiyo. Kuna vijana kati yetu wanaopendana, na familia zao haziongei, juu ya mambo yaliyotokea kwenye milima ya kwetu kabla wao hawajazaliwa. Sitasema zaidi, wenyewe wanajijua, na mimi si msemaji wao. Lakini hao ndio Zélie na Inan wa kweli. Wao hawana chumba cha ndotoni. Wana benchi, wana kona ya barabara, wana bando la siku moja. Walipokuwa wanasubiri kitabu cha pili, hawakusubiri mapigano. Walitaka kuona watu wawili wa namna yao wakiulizana yale wanayoogopa kuulizana: Ulijua? Baba yako alikuwepo? Ukiniangalia unaona nani? Mwandishi alikuwa na nafasi hiyo mkononi. Akaiweka chini akachukua upanga. Ndiyo maana nasema kimeniangusha, na si kwamba hakikunifurahisha tu. Kisichofurahisha unakirudisha kwenye rafu na maisha yanaendelea.

Watu watasema maneno kama hayo hayawezekani, hakuna anayeweza kuyaandika. Mimi naishi Sonatubes. Kila siku napita njia panda hii ya magari ya Remera, ya Kicukiro na ya Bugesera. Tarehe 11 Aprili 1994 wakimbizi zaidi ya 2,000 waliokuwa wamejificha kwenye shule ya ETO Kicukiro, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, waliachwa. Askari wale waliondoka. Watu wakatoka kwa miguu kutafuta usalama, wakasimamishwa hapa hapa karibu na Sonatubes, wakarudishwa na kupelekwa mpaka Nyanza ya Kicukiro, na huko wengi wao wakauawa. Ni katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kila mwezi wa nne wenyeji wetu wanakumbuka, na sisi wageni tunanyamaza nao.

Nataja hili kwa heshima, na kwa sababu moja. Majirani hawa wanaijua sehemu ya pili. Mahakama za gacaca zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima 2005, zikafungwa Juni 2012, zikiwa zimepitia kesi karibu milioni 2. Miaka kumi ya watu kukaa kwenye nyasi na kuulizana yale yale: ulikuwepo? ulimweka wapi? Watu wana maoni tofauti juu ya gacaca, na si kazi yangu mgeni kuipima. Ninachosema ni kwamba maneno yale yalisemwa, kwa sauti, mbele ya majirani, na wengine wa waliosema na walioambiwa wanachota maji bomba moja mpaka leo. Kwa hiyo yanaweza kuandikwa. Gaël Faye ameonyesha. Petit Pays, 2016, ni kitabu chake cha kwanza: mtoto, Bujumbura, vita, kukimbia. Miaka minane baadaye, 2024, akatoa Jacaranda, iliyopata tuzo ya Renaudot. Wahusika ni wengine, haiendelezi hadithi ile ile, lakini mimi naisoma kama sehemu ya pili ya kweli: watu wa vizazi vinne, ukimya wa nyumbani, wanaobaki baada ya kila kitu. Haina nguvu za miungu. Nilishindwa kuiweka chini.

Sasa naomba niongee na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, maana najua mnapita humu kusoma, na baadhi yenu ndio mlituletea vitabu. Tunashukuru, na shukrani hiyo ni ya kweli. Lakini na nyinyi mnapenda kitabu cha kwanza tu. Niliwahi kuombwa na shirika moja niandike hadithi yangu. Niliandika kurasa nne. Ilipochapwa ilibaki ukurasa mmoja na nusu, na wote ni wa usiku wa kukimbia. Baba na redio yake alikatwa. Mdogo wangu alikatwa. Nilivyojifunza Kinyarwanda cha sokoni kwa kuchekwa na mama wa nyanya, hicho nacho kilikatwa. Niliambiwa kwa upole kwamba sehemu hiyo "haina nguvu sana". Nikacheka peke yangu. Nguvu tena! Ni kama kitabu cha Adeyemi: pasipo na mlipuko, ruka.

Shida ya kuruka ni kwamba na misaada inaruka pamoja nayo. Anayekujua kwa usiku mmoja tu anakuletea dawa ya usiku huo. Ushauri nasaha tuliopewa ulikuwa juu ya milio na ndoto mbaya, na umetusaidia. Lakini hakuna aliyetuuliza kuhusu baba aliyekosa kazi ya kuwa baba. Hakuna aliyewakalisha wale wapenzi wawili na wazazi wao.

Jambo la mwisho kuhusu kitabu. Kinaishaje? Watu wa Zélie wameingia mpaka jumbani Lagos. Ushindi uko mlangoni. Unageuza ukurasa, na Zélie anaamka amefungwa minyororo ndani ya meli, yeye na wenzake, kwa watu wasiojulikana. Basi. Kitabu cha tatu kinaenda kwingine. Yale ya Inan, ya Amari, ya kiti, ya msiba, yamebebwa juu ya maji bila kuamuliwa.

Nilipofika hapo niliona sisi. Sisi pia tuna chombo chetu, ni ndege. Marekani, Canada, popote. Kuna nyumba ambapo mtu na ndugu yake hawajaongea mwaka mzima, ukiuliza wanakwambia, "Tukifika kule itaisha." Kila neno gumu linawekewa akiba ya ile ndege. Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi. Waliokuwa wamefungasha mabegi wakafungua mabegi. Na ndani ya begi, pamoja na nguo, yale maneno yalikuwa bado yapo, hayajasemwa. Mwandishi anaweza kumpakia mhusika wake melini akapata kitabu cha tatu. Sisi tuko hapa, na mazungumzo yetu yako hapa.

Kwa hiyo, dada yangu mwenye lile jalada, usiitoe picha yako. Endelea kukipenda, na filamu ikija tutaenda wote, mimi nitalipa mandazi. Ila nina ombi kwako na kwa wote humu. Jumamosi ijayo kila mtu alete ukurasa mmoja. Uanze siku ya pili baada ya kuvuka mpaka. Milio, mto na askari tunavijua, acha pembeni. Tuandikie nani alipika siku hiyo, nani hakuongea na nani, ulimpenda nani na uliogopa kumuuliza nini. Kiswahili, Kifaransa, Kirundi, Kinyarwanda, ukipenda uvichanganye, mtafsiri tunaye. Kama unapenda majoka, weka joka, mimi sina ugomvi na majoka. Lakini wahusika wako wakishaingia kwenye chumba kimoja, tafadhali usiwatoe mbio. Waache waongee mpaka wamalize.